Pikipiki Iwakayo na Kuzimika: Somo la Uchunguzi kutoka Mitwero

1. Utangulizi

Walimu wengi wa sayansi katika shule zetu za msingi hulalamika kwamba shule hazina maabara, na kwa hiyo sayansi hufundishwa kwa chaki na ubao tu. Malalamiko hayo yana haki yake. Hata hivyo, tumeona katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha kwamba hata pale zana zilipo karibu, mwalimu huzipita bila kuzitazama. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo kimoja kinachopatikana karibu kila kijiji, yaani pikipiki ndogo, kinavyoweza kutumiwa kufundisha njia ya uchunguzi. Yatatoa pia mpango wa somo ambao mwalimu aweza kuufuata, na yataungama kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya.

Katika kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea cha mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitaja mambo matatu ambayo elimu yetu haina budi kuyajenga kwa kila mwanafunzi: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua lifaalo, na kujiamini. Ni dhahiri kwamba la kwanza ndilo gumu kuliko yote kulifundisha, kwa maana halikaririki. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, John Dewey, katika kitabu chake kuhusu namna tunavyofikiri kilichotolewa mwaka 1910, alizigawa hatua za fikira makini katika sehemu tano: kuhisi tatizo, kulibainisha, kukisia ufumbuzi, kufikiri matokeo ya makisio hayo, na kuyajaribu. Wanachuo wetu huzikariri hatua hizi vizuri sana. Swali ni kama wanaweza kuzitumia mbele ya kitu kilichoharibika.

2. Tukio lililotufundisha

Mitwero ipo kaskazini ya mji wa Lindi, kando ya barabara itokayo Kilwa. Siku moja tulikwenda huko kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Tulichukuliwa mjini na kijana mwenye pikipiki ya sentimita za ujazo 125, ambaye hubeba abiria na samaki. Njiani pikipiki ilizimika mara mbili. Kila mara kijana alishuka, akafungua mfuniko wa tangi, akachungulia mafuta, akaufunga, kisha akapiga kiki na injini ikawaka kama haikuwa na ugonjwa wowote. Alitueleza kwamba hali hiyo ilianza majira ya mvua. Amekwisha kubadilisha plagi, na fundi amemwambia kabureta imekufa. Fedha za kabureta mpya alikuwa nazo. Zilitokana na ufuta wa dada yake, naye dada alikuwa amezitenga kwa mahitaji ya shule ya binti yake. Pikipiki yenyewe haikuwa mali ya kijana huyo. Aliiendesha kwa mkataba, na hesabu ya tajiri haisubiri pikipiki ipone.

Aliongeza jambo moja ambalo hatukulizingatia wakati ule. Alisema kwamba akinunua mafuta ya chupa kidogo kidogo, pikipiki humfikisha mbali kidogo kabla ya kuzimika. Lakini akijaza tangi katika kituo cha mafuta, huzimika mapema zaidi. Kwa hiyo aliamini kwamba mafuta ya kituoni yamechakachuliwa. Nasi tulilikubali wazo hilo kwa urahisi, kwa kuwa uchakachuaji ni jambo lililopata kutokea nchini, hata ikabidi mwaka 2010 kuanza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kuudhibiti.

Tulifika tumechelewa. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha kanieneo ya hewa katika Darasa la Sita. Maana ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa mwandiko mzuri, na wanafunzi waliisoma kwa sauti moja. Alipouliza kama kuna mwenye mfano, msichana mmoja wa dawati la nyuma alisimama na kusema, "Mwalimu, pikipiki ya mjomba ikizimika, akifungua mfuniko tangi linavuta pumzi." Darasa likacheka. Mwanachuo akajibu, "Keti. Hapa tunazungumzia kanieneo, hatuzungumzii pikipiki."

Sisi tulikuwa tumekaa hatua chache kutoka kwa msichana huyo. Tulikuwa tumetoka kuvuta mavumbi nyuma ya pikipiki hiyohiyo. Hatukusema neno. Katika fomu ya ukaguzi, mbele ya kipengele cha udhibiti wa darasa, tuliandika "vizuri sana".

Baada ya vipindi, kijana alipokuja kutuchukua, pikipiki ilizimika mbele ya shule. Msichana alikuwa amesimama kando ya ua, akiwa na ufagio mkononi. Ndipo tulipomwita na kumwomba atuoneshe alichokuwa akikieleza. Alituamkia, akaja, akainamisha sikio karibu na tangi na kumwambia mjomba wake afungue polepole. Sote tulisikia: hewa iliingia kwa mlio mwembamba, kama mtu avutaye pumzi kwa meno. Tulipougeuza mfuniko, tuliona kipande cha mpira wa ndani wa tairi kilichokatwa kwa mkasi na kubandikwa chini yake. Kijana alikumbuka. Mpira wa asili ulikuwa umechakaa, na petroli ilikuwa ikimrukia mapajani barabarani, tena maji ya mvua yakiingia; kwa hiyo akaziba. Alipoziba njia ya mafuta kutoka, aliziba pia njia ya hewa kuingia.

3. Maarifa ambayo mwalimu ayawe nayo kwanza

Si lazima mwalimu awe fundi, lakini haifai aingie darasani bila kufahamu misingi. Injini ya pikipiki za namna hii hufuata mzunguko wa mapigo manne, ambao Mjerumani Nikolaus Otto aliufanikisha katika injini yake ya mwaka 1876. Pistoni hushuka na kuvuta mchanganyiko wa petroli na hewa. Hupanda na kuugandamiza. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni chini. Kisha pistoni hupanda tena na kutoa moshi. Ili injini iendelee kuwaka, mambo manne sharti yawepo kwa pamoja: mafuta, hewa, cheche na mgandamizo. Likikosekana moja, injini huzimika. Kwa kukisia, gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 15 hivi za hewa ili iungue vyema.

Mafuta hutoka tangini kwa uzito wake yenyewe, hupita katika koki na mpira mwembamba, na kuingia katika kikombe cha kabureta. Humo mna boya ambalo hupanda mafuta yanapojaa na kufunga njia, kisha hushuka yanapopungua na kuifungua. Kwa hiyo kabureta ina akiba ndogo tu. Mafuta yakiacha kushuka kutoka tangini, injini huendelea kwa akiba hiyo kwa muda mfupi, kisha hufa.

Kila kiasi cha petroli kitokacho tangini lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa kutoka nje. Ndiyo maana mfuniko una tundu dogo la kupumulia. Tundu hilo likiziba, hewa iliyobaki ndani hutanuka na kanieneo yake hupungua. Kanieneo ya hewa ya nje, ambayo huingia kwa upande wa kabureta, huyazuia mafuta yasishuke. Jambo hili kila mwenyeji wa pwani analijua kwa mkono wake: ukilitoboa dafu tundu moja dogo na kuliinamisha, maji hutoka kwa kudonadona; ukiongeza tundu la pili, hutiririka. Vivyo hivyo mwenye duka hutoboa kopo la mafuta matundu mawili.

4. Dalili moja, sababu nyingi

Kosa kubwa la mchunguzi asiye na subira ni kusema "haiwaki vizuri" na kuishia hapo. Maneno hayo hayatofautishi kitu. Mwalimu awaongoze wanafunzi kuuliza: Huzimika lini? Baada ya nini? Nini huifanya iwake tena? Yafuatayo ni mifano ya dalili na mahali pa kuanza kutazama.

(a) Ikizimika tu pale mwendeshaji anapoachia mafuta, lakini ikaendelea vizuri anapoyavuta, tazama kwanza skrubu ya kurekebisha mwendo wa kutulia, na tundu dogo la mafuta ndani ya kabureta, ambalo huzibwa upesi na uchafu. Tazama pia kama hewa inapenya katika maungio ya kabureta na injini.

(b) Ikiwaka choki ikiwa imefungwa na kuzimika inapofunguliwa, ingawa injini imekwisha pata joto, basi huenda mafuta ni machache mno au hewa ni nyingi mno.

(c) Ikizimika unapogeuza usukani au unapopita shimoni, shuku waya uliolegea au swichi.

(d) Ikizimika baada ya mvua au baada ya kuoshwa, tazama kofia ya plagi na waya wake, na umwage mafuta ya kikombe cha kabureta uone kama yana maji.

(e) Ikienda kilomita chache, ikafa polepole kama inayoishiwa mafuta, kisha ikawaka baada ya kitambo, basi sababu mbili hushindana: tundu la mfuniko limeziba, au koili huacha kutoa umeme inapopata joto. Dalili hizi mbili hufanana sana, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha.

Namna ya kuzitenganisha ni rahisi, alimradi ifanyike papo hapo injini inapozimika. Kwanza, fungua mfuniko usikilize. Kama hewa inavutwa, tundu limeziba. Pili, fungua skrubu ya kumwagia iliyo chini ya kikombe cha kabureta. Kikombe kikiwa kitupu ilhali tangi lina mafuta, kosa liko kabla ya kabureta. Tatu, kama kikombe kimejaa, chunguza cheche. Kikombe kilichojaa na cheche isiyoonekana humwelekeza mchunguzi kwenye umeme.

Plagi nayo husomwa kama barua. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu huonesha uunguaji mzuri. Iliyo nyeusi na kavu kwa masizi huonesha mafuta mengi kuliko hewa. Iliyopauka na kuwa nyeupe huonesha mafuta machache. Na iliyolowa oili huonesha kwamba oili inapenya mahali isipotakiwa. Yule kijana alipobadilisha plagi aliitupa ya zamani bila kuitazama. Alinunua jibu kabla ya kusoma swali.

5. Mpango wa somo

Juma lililofuata tulirudi Mitwero, tukalifundisha somo lile upya pamoja na mwanachuo wetu. Huu ndio utaratibu tuliouona unafaa. Huhitaji vipindi viwili vinavyofuatana.

Malengo: Mwishoni mwa somo, kila mwanafunzi aweze (i) kueleza kwa maneno yake kwa nini kimiminiko hakitoki katika chombo kilichozibwa juu, (ii) kutaja makisio yasiyopungua mawili kuhusu kosa lililotolewa, (iii) kubuni jaribio linaloweza kuyatenganisha makisio hayo.

Zana: Chupa tupu za maji zenye mifuniko, msumari, maji, na pikipiki moja pamoja na mwenyewe. Chupa itobolewe tundu dogo karibu na kitako.

Tahadhari: Hili ni jambo la kuzingatiwa kuliko yote. Petroli ni ya kushikwa na mtu mzima peke yake. Kazi yote ya pikipiki ifanyike nje, mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara, na injini ikiwa imepoa. Wanafunzi wakae upande utokako upepo, hatua kumi au zaidi. Pawepo ndoo ya mchanga. Jaribio la cheche lisifanywe kamwe wakati petroli iko wazi. Injini isiwashwe ndani ya chumba, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Hatua ya kwanza: Kueleza tatizo. Mwenye pikipiki aeleze mwenyewe, na wanafunzi waulize maswali. Mwalimu aandike ubaoni kila jibu bila kulipima. Ajizuie kusema "ndiyo" au "siyo". Darasa letu lilimuuliza kijana maswali mengi, baadhi yalikuwa mazuri kuliko yetu, mathalani: "Mjomba, usiku huzimika pia?" Swali hilo lilikusudia kujua kama joto la jua linahusika.

Hatua ya pili: Makisio. Kila kundi litoe kisio moja na sababu yake. Tulipata mafuta mabaya, plagi, koili, kabureta chafu, na mfuniko. Mwalimu asiondoe kisio lolote kwa mamlaka yake. Liondolewe na jaribio.

Hatua ya tatu: Matokeo yanayotarajiwa. Hatua hii hurukwa na walimu wengi, nayo ndiyo moyo wa somo. Kila kundi lijaze sentensi hii: "Ikiwa sababu ni fulani, basi tukifanya hivi, tutaona vile." Kundi la mafuta mabaya lilisema: "Ikiwa ni mafuta, basi kufungua mfuniko hakutasaidia kitu." Kundi la mfuniko lilisema: "Ikiwa ni mfuniko, basi tukiondoa mpira haitazimika, tukiurudisha itazimika." Mwanafunzi akifika hapo, amekwisha kuwa mchunguzi, hata kama kisio lake litaanguka.

Hatua ya nne: Majaribio. Kwanza kila mwanafunzi afanye jaribio la chupa. Ajaze maji, akaze mfuniko, na atazame: maji hutoka kidogo kisha husimama. Akiulegeza, maji hutiririka. Wakati wa jaribio hili mvulana mmoja alisema, "Mbona hii ni ile ya kunawia mikono chooni?" Alikuwa na haki. Nje ya choo cha shule ilikuwapo chupa ya namna hiyo, nao walikuwa wakilegeza na kukaza mfuniko wake kila siku. Jibu la swali la pikipiki lilikuwa likiwanawisha mikono.

Kisha mtu mzima afunge koki, auchomoe mpira wa mafuta kwenye kabureta, auelekeze ndani ya chupa kavu na kufungua koki, mfuniko wa tangi ukiwa umekazwa pamoja na kile kipande cha mpira. Mafuta hutoka kwa nguvu, hupungua, na hatimaye husimama. Afungue mfuniko, hutoka tena. Aondoe kipande cha mpira na kukaza mfuniko. Hutiririka bila kusimama. Arudishe kipande, husimama. Kule kurudisha kosa kwa makusudi ni jambo la lazima. Kitu kikipona tunaweza kudanganyika, kwa kuwa huenda kimepona kwa sababu nyingine. Lakini kikipona na kuugua tena kwa amri yetu, tumekishika kisa chenyewe.

Hatua ya tano: Hukumu na mpaka wake. Wanafunzi waseme nini kimethibitika na nini hakijathibitika. Katika somo letu ilithibitika kwamba kipande cha mpira kilizuia mafuta. Haikuthibitika kwamba kabureta ni safi. Mwalimu asiwaache wanafunzi wakadhani kwamba sababu moja ikipatikana nyingine zote zimefutwa.

6. Hesabu ya kufikirisha

Kwa madarasa ya juu, na kwa wanachuo, somo hili hubeba hesabu nzuri. Chukua kwamba uso wa mafuta tangini upo sentimita 20 juu ya kabureta. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Safu yake ya sentimita 20 ina uzito wa safu ya maji ya sentimita 15 hivi. Hewa ya pwani husukuma kwa nguvu inayotosha kubeba safu ya maji ya mita 10 hivi, yaani sentimita 1,000. Kwa hiyo kanieneo ya hewa ya tangini ikipungua kwa sehemu 15 tu katika 1,000, ambayo ni asilimia 1.5, mafuta husimama.

Sasa, kama nafasi ya hewa tangini ni lita 4, kupungua huko hutokea baada ya mililita 60 za petroli kutoka. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita 1 hutumia mililita 25 kwa kilomita. Basi itakwenda kilomita 2.4. Lakini tangi likijazwa hata ikabaki lita 1 tu ya hewa, mililita 15 zinatosha kuleta msimamo, na safari haifiki kilomita 1, ukiacha ile akiba iliyomo katika kabureta. Hesabu hii ni ya kukisia. Uso wa mafuta haubaki mahali pamoja, joto na mvuke wa petroli huibadilisha, na mpira uliokatwa kwa mkasi hauzibi kabisa. Hata hivyo, huonesha wazi kwa nini tangi lililojaa lilizimika mapema kuliko tangi lenye mafuta kidogo. Ushuhuda ambao kijana aliutumia kuyashutumu mafuta ya kituo ulikuwa, kwa kweli, ushuhuda dhidi ya mfuniko wake. Tulipouandika mfano huu ubaoni, alicheka kwa aibu na kusema kwamba miezi yote hiyo amekuwa akimsengenya mtu asiye na hatia.

7. Makosa yetu

Hapana budi tuseme wazi yale tuliyoyakosea, kwa kuwa makala ya mbinu za kufundisha yasiyo na makosa ya mwandishi huwa hayamfai msomaji.

Kwanza, sisi tulipewa ushahidi wote njiani, tukaupoteza. Tuliona mfuniko ukifunguliwa mara mbili na injini ikiwaka mara mbili. Tulidhani kijana anaangalia mafuta, naye alidhani injini imepumzika. Aliyetazama bila kudhani alikuwa mtoto.

Pili, tulinyamaza aliponyamazishwa. Nchi yetu ina kisa ambacho kila mwalimu wa sayansi angefaa kukijua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliweka mchanganyiko wa moto wa aisikrimu katika friza, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza darasani aliambiwa amekosea, na wenzake wakamtania. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, alimuuliza swali lilelile mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, mbele ya wanafunzi wote. Osborne hakumdharau; alirudi na kulijaribu. Mwaka 1969 matokeo yalichapishwa katika jarida la kufundishia fizikia, na jina la Mpemba limebaki katika sayansi ya dunia. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu tukio lenyewe na sababu zake, lakini ubishi huo hauwahusu waliomcheka. Yule msichana wa Mitwero hakugundua jambo jipya duniani. Aliunganisha maneno ya ubaoni na kitu alichokisikia kwa sikio lake, na hilo ndilo tulilokuwa tumekwenda kulitafuta.

Tatu, tuliandika "vizuri sana" mahali ambapo ukimya wa darasa ulikuwa umenunuliwa kwa kumketisha mwenye jibu. Tulimwita mwanachuo, tukaifuta alama hiyo pamoja naye, na tukamweleza kwamba kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa lake, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha chuoni: kuulinda mpango wa somo dhidi ya wanafunzi. Katika somo la marudio, yeye ndiye aliyemwita msichana mbele na kumwambia, "Naomba uanze wewe, mimi sikukusikiliza vizuri." Darasa halikucheka.

8. Maswali ya kupima

Mwalimu aweza kutumia maswali haya, au kutunga mengine kwa mazingira yake.

(i) Pikipiki huzimika kila inapoachiwa mafuta, lakini haizimiki barabarani. Je, mfuniko wa tangi ndio wa kushukiwa kwanza? Toa sababu.

(ii) Fundi amebadilisha plagi, chujio la hewa na kabureta kwa siku moja, na pikipiki imepona. Je, tunajua kosa lilikuwa wapi? Angefanyaje ili ajue?

(iii) Ndoo ya mafuta ya kula ina tundu moja, na mafuta hutoka kwa kudonadona. Chora na ueleze njia ambayo hewa hupita.

(iv) Buni jaribio la kutenganisha koili inayochoka kwa joto na tundu la mfuniko lililoziba.

Swali la pili ndilo tunalolipenda zaidi. Wanachuo wengi hujibu kwamba kupona kunatosha. Kwa abiria kunatosha. Kwa mchunguzi, na kwa mfuko wa mwenye pikipiki, hakutoshi.

9. Hitimisho

Kijana hakununua kabureta. Alinunua mpira mpya wa mfuniko, wenye umbo la pete, unaozuia mafuta kuruka na kuliacha tundu la hewa wazi. Fedha za ufuta zilirudi kwa dada yake.

Walimu wenzetu, kabla ya kubadilisha kifaa, tuulize swali ambalo jibu lake litatuambia ni kifaa kipi. Kanuni hii haihusu injini peke yake. Mara ngapi tumemrudisha mwanafunzi nyuma, tumemhamisha dawati, tumempa adhabu, tumewaita wazazi wake, yote kwa juma moja, bila kuuliza huzimika lini na baada ya nini? Mwanafunzi aelewaye asubuhi na kusinzia adhuhuri huenda hana ubongo mbovu, huenda hakula. Tubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, tutazame, tuandike, ndipo tuhukumu.

Watakaolijaribu somo hili katika shule zao wasiache kutueleza wanafunzi wao waliuliza nini. Yale maswali, hata yale yatakayoonekana ya kuchekesha, tungependa kuyapokea kwanza kabla ya majibu.